Jibu: Kipindi cha biokemia kinachoongozwa na mwanafunzi

Mdogo wangu, umeuliza kama kuna faida kwenda kwenye kipindi cha biokemia kinachoongozwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, wakati wewe hujafeli. Nenda. Utaratibu huu, kwa Kiingereza Supplemental Instruction, ulianza mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, Marekani, na ulilenga somo gumu, si mwanafunzi dhaifu. Ndiyo maana mlango uko wazi kwa wote.

Nilipokuwa nasoma hapa Mwanza tulikuwa tunakaa kwenye mawe jioni, upepo wa ziwa ukipeperusha karatasi. Kiongozi wetu hakufundisha. Ukimuuliza hatua za glaikolisisi, yaani jinsi seli inavyovunja sukari kupata nishati, anakugeuzia swali: "Umekwama wapi?" Mwanzoni niliudhika sana, nikidhani hajui. Kumbe kule kuhangaika kuchora hatua zote bila daftari, wenzangu wakinisahihisha, ndiko kulikonishikisha somo. Kwenye diskasheni zetu za kawaida mmoja alikuwa anaongea, wengine tunanakili.

Ila kiongozi awe amefaulu somo hilohilo, na aingie tena darasani pamoja nanyi. Na usisubiri wiki ya mtihani, mada za biokemia zinapandiana mapema mno.