Maji ya mjini ni maji ya watu

Swali lenu la wiki hii linauliza maji ya kunywa ya mjini yanatoka wapi, na najua wengi mtajibu bombani, wajanja kidogo watasema kwenye mtambo. Mtambo hautengenezi maji jamani, unayasafisha tu, yanatiwa dawa ya kugandisha matope, yanatuama, yanachujwa, klorini juu, basi yanaingia kwenye laini. Mi naona miji mingi mikubwa inakunywa maji ya watu wengine, watu wa mbali huko milimani na mabondeni ambao mara nyingi hata hawakuulizwa.

Liverpool kwa mfano. Mwaka 1957 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kujenga bwawa kwenye bonde la Tryweryn, ambalo liko Wales, siyo England iliko Liverpool yenyewe, na karibu wabunge wote wa Wales waliipinga ila ikapita hivohivo, na 1965 kijiji cha Capel Celyn kikawa chini ya maji, nyumba, shule, posta, kanisa, vyote. Wenyeji walikuwa wanaongea Kiwelishi, lugha ambayo tayari ilikuwa inapungua, kwahiyo hasira yake haijaisha mpaka leo. Liverpool ilikuja kuomba radhi 2005. Miaka 40! Bonde limeshakuwa ziwa ndo unaomba radhi.

Los Angeles wao hawakuzamisha, walikausha. Watu wa mji walienda kununua mashamba na haki za maji bonde la Owens bila kusema wazi wanataka nini, alafu 1913 mfereji ukafunguliwa, zaidi ya kilomita 370, maji yanashuka kwa mteremko wenyewe bila pampu (kiufundi kazi safi sana, hilo siwezi kuwanyima). Ziwa Owens likakauka, likabaki vumbi tupu linalopeperushwa na upepo, na wakulima walivyochoka 1924 wakaulipua mfereji kwa baruti.

Sasa New York ndo inanifurahisha, ingawa nayo ina vijiji vyake ilivyovizamisha huko milima ya Catskill. Maji yake mengi yanatoka huko na kwenye bonde la mto Delaware, mojawapo ya njia zake ni handaki la kilomita 137 chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya hayo maji haipiti kwenye chujio kabisa, yanauliwa vijidudu kwa klorini na mwanga wa UV (mionzi isiyoonekana kwa macho) tu. Inawezekanaje mji wa mamilioni? Kwasababu miaka ya 90 serikali kuu iliwabana, ama mjenge mtambo wa kuchuja wa mabilioni ya dola ama mhakikishe chanzo ni safi, wakapiga hesabu wakaona kulinda chanzo ni nafuu zaidi, na 1997 wakasaini makubaliano na miji midogo ya kule juu. Mji ukaanza kununua ardhi kwa anayetaka kuuza, kulipia matengenezo ya vyoo vya watu, kusaidia wakulima ili samadi ya ng'ombe isiingie mitoni. Yaani anayefungua bomba mjini analipia choo cha mtu asiyemjua huko milimani, na mi naona hivyo ndo sawa, manake huyo wa milimani ndo anayemtunzia maji, na bado ana masharti ya kufuata kwenye ardhi yake mwenyewe.

Kuna wachache walioamua kujitegemea. Windhoek kule Namibia, nchi kame, tangu 1968 wanasafisha majitaka yao wenyewe mpaka yanarudi kuwa ya kunywa. Najua kuna mtu hapa amekunja sura, lakini mi nikipewa glasi ya Windhoek nakunywa bila shida, hayo angalau hayajamhamisha mtu kwake.