Samurai inayogonga kwenye 4L: usiifunge transfa chuma kwa chuma, iongezee mkono

Mkuu, umesema pikapu yako ya Suzuki Samurai inagonga "ko!" kila ukiachia klachi kwenye 4L (4x4 ya nguvu, mwendo wa chini), lakini kwenye 4H (4x4 ya mwendo wa kawaida) imetulia, na fundi anataka kutoa raba za transfa (boksi inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) aifunge chuma kwa chuma kwenye chasisi. Nakuomba sana usikubali. Ninayo SJ413, yaani Samurai kama yako, inayoshusha viazi kutoka Lukozi, na tatizo hili nimelishughulikia kwenye gari yangu na za majirani.

Transfa ya Samurai haijashikana na gia boksi. Imening'inia peke yake katikati ya chasisi kwa maunti (vishikizo) tatu za raba, na gia boksi inaiendesha kwa propela fupi yenye krosi mbili (viungo vinavyokunjika). Sasa piga hesabu. Injini ya 1.3 inatoa nguvu ya kuzungusha kama Nm 100. Gia namba moja ni 3.652, kwa hiyo propela fupi inapokea Nm 365. 4L inazidisha mara 2.268, zinatoka kama Nm 828. Tofauti ya kinachoingia na kinachotoka, yaani karibu Nm 460, ndiyo inayotaka kuibinua transfa nzima. Kwenye 4H uwiano ni 1.409 tu, kwa hiyo tofauti hiyo haizidi sana Nm 150. Ndiyo maana huko husikii kitu. Na wanaobadilisha gia za ndani ya transfa ili 4L iwe 4.16, tofauti yao inavuka Nm 1,100, maunti za kiwandani hazikutengenezwa kwa hilo.

Anza na raba. Zima gari, weka vigingi kwenye matairi, halafu ingiza mtaimbo kati ya mkono wa maunti na chasisi unyanyue taratibu. Raba nzima inacheza kidogo na kurudi. Iliyokufa utaona ufa unafunguka pale raba ilipogandishwa kwenye bamba. Iliyolowa oili imevimba, ukiigusa inaacha weusi kidoleni. Badilisha zote tatu kwa pamoja, na kama sili ya transfa inavuja anza na hiyo, la sivyo raba mpya zitaoza vilevile.

Kwa nini isifungwe chuma kwa chuma? Chasisi inajipinda. Gurudumu moja likiwa mtaroni na jingine juu ya jiwe, reli mbili za chasisi haziko sawa tena. Maunti tatu zinakaa kama mafiga, zinatulia hata chini pasipo sawa. Ukiondoa raba, mpindo wote wa chasisi unaingia kwenye masikio ya aluminiamu ya transfa, pale maunti zinapofungwa, nayo hayapindi, yanakatika.

Dawa ni mkono wa nne wenye bushi ya raba, upande ule transfa inakonyanyukia. Kuujua, weka simu chini irekodi video, wewe ukiwa ndani: handbreki juu, 4L, namba moja, achia klachi kidogo tu. Mtu yeyote asiwe chini wala mbele ya gari. Kwa kawaida ukienda mbele upande wa kushoto ndio unaoinuka, na rivasi ni kinyume chake, lakini iamini video.

Mkono utengenezwe kwa bamba la mm 6, ncha moja kwenye bolti za transfa, nyingine kwenye bushi ya springi yenye bomba la chuma katikati. Kipande cha tairi hakifai, kinalika pale bolti inapopita. Bolti iwe M12 iliyoandikwa 8.8 kichwani, na nati ya kujifunga. Ukitoboa chasisi, ingiza bomba ndani ya tundu lipite upande hadi upande, maana chasisi ni boksi na bolti ikikazwa bila bomba itaibonyeza. Kama lazima kuchomelea, chomoa betri, na waya wa athi ubanwe karibu kabisa na unapochomea ili umeme usipite kwenye beringi. Chomea ubavuni mwa chasisi, usipitishe mstari wa kuchomelea kuvuka juu wala chini yake.

Kabla ya kukaza, legeza maunti zote, acha transfa ijikalie kwa uzito wake, halafu angalia propela fupi. Shafti inayotoka gia boksi na inayoingia transfa ziwe sambamba, na uma za krosi zielekeane. Pembe za krosi mbili zikipishana utapata mtetemo wa kudumu na utadhani ni beringi. Kaza bushi mwisho kabisa, gari ikiwa imesimama kwenye matairi yake, na ukague tena bolti baada ya safari ya kwanza ya milimani.

Kabla hujanunua chochote, futa masikio ya transfa kwa petroli uyamulike kwa tochi. Ufa mwembamba kwenye shina la sikio ukionekana, mkono hautakusaidia. Aluminiamu iliyokunywa oili kwa miaka inachomeleka kwa shida sana, inajaa vitundu, na bodi ya transfa ikipinda kwa moto beringi hazikai tena sawa. Hapo tafuta bodi ya mtumba iliyo nzima, uhamishie gia zako humo. Tuma picha ya masikio hayo nikuangalizie.