Narnia na mpwa wangu: msianze na namba 1

Mpwa wangu yuko darasa la tano, alihamia kwangu hapa Kirumba, Mwanza, mwaka jana, na mi sina mtoto, kwa hiyo umeme ukikatika jioni tulikuwa tunaangaliana tu. Ndo nikakumbuka vile vitabu vya mtumba nilivyonunua pale Makoroboi, Narnia ya C.S. Lewis, hadithi za watoto za nchi ya kufikirika, majalada yameshikiliwa na selotepu lakini vyote saba vipo. Nikaamua namsomea.

Nilichemka mwanzoni kabisa, nikaanza na kilichoandikwa namba 1. Msifanye hivyo jamani. Hizo namba zinafuata mtiririko wa matukio, ila kilichotoka kwanza ni The Lion, the Witch and the Wardrobe, mwaka 1950, na hicho cha namba 1, The Magician's Nephew, kilitoka 1955 kikiwa cha sita. Ukianza nacho unaambiwa mchawi katokea wapi na ile taa ya msituni imefikaje pale hata hujapata hamu ya kujua. Siku ya tatu dogo akasinzia. Nikahamia namba 2, hicho cha 1950, hapo sasa ndo akawa ananiharakisha nimalize kula.

Afu kama mtoto anasoma shule ya Kiswahili usimtese na Kiingereza, mi nasoma kimyakimya sentensi mbili tatu namsimulia kwa Kiswahili chetu hikihiki. Kwenye hadithi mchawi kaifunika Narnia kwa theluji, sasa kuieleza theluji ilibidi twende kwa jirani anayeuza barafu, nikamwambia ingiza mkono kwenye friza, sasa fikiria Mwanza nzima iko hivi mpaka Jiwe la Bismarck limefunikwa, mwaka mzima, na Krismasi haifiki. Pipi anazogawa huyo mchawi nikaziita halua, yakaisha.

Sura ya nne ndo yenyewe. Malkia, yaani yule mchawi, yuko kwenye gari lake la barafuni, mweupe pee, mdomo mwekundu, mzuri, anampa Edmund, mmoja wa wale watoto ndugu wa kwenye hadithi, halua ambayo ukishaionja unataka nyingine na nyingine. Dogo akanikatisha: "Mjomba, mbona mchawi mzuri? Hana macho mekundu?"

Nikamwambia hana. Akanyamaza, afu akasema kuna bibi mmoja kule Igombe watoto wakimuona wanakimbia kwa sababu ya macho yake. Sasa bibi yake yeye, yaani mama yangu mzazi, amebanika samaki kwenye moshi toka mi sijazaliwa. Nikamuuliza, na bibi yako macho yake yakoje? Kidole kikaganda kwenye ukurasa, tochi ya simu inamulika, hajibu. Usiku ule hatukumaliza sura, tuliongelea moshi.

Huku Kanda ya Ziwa bibi za watu wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa ajili ya macho mekundu tu, macho ya moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, kwa hiyo usisome hizi hadithi za wema na wabaya kama vile ni mambo ya Wazungu huko kwao. Mtoto akiuliza, funga kitabu. Kile cha namba 2 kina sura 17, hamna anayekukimbiza. Na ukifika The Horse and His Boy utakuta watu wenye vilemba na rangi iliyokoza ndo wabaya karibu wote, hapo napo simama muongee, mi sikupapenda kabisa.

Kuna rafiki yangu akaniambia eti naingiza uchawi nyumbani. Lewis alikuwa Mkristo, kaandika mpaka vitabu vya dini, ila sikubishana naye, nilimuazima kitabu. Hajarudisha mpaka leo.

Mwezi uliopita mama akaja kupima macho, akalala kwetu siku nne. Dogo akaomba turudie sura ya nne ili bibi asikie, akakaa kwenye mkeka karibu naye kabisa, kila Edmund akiongeza halua yeye anafoka, msaliti huyu, anauza ndugu zake kwa pipi! Mama alisikiliza mpaka mwisho, afu akauliza huyo mtoto mama yake yuko wapi. Nikamwambia kabaki London, kuna vita, watoto wamepelekwa shamba kwa mzee mmoja.

"Basi alikuwa na njaa huyo," akasema. "Mwacheni."