Kwa mafundi ndege wapya wa Kisongo na KIA: hanga ikihama, kazi ikisimama

Marekani, fundi wa shirika kubwa la ndege akipunguzwa kazini, jina lake mara nyingi hubaki kwenye orodha ya ukongwe iliyowekwa na mkataba wa chama cha wafanyakazi, na kazi zikirudi huitwa kwa zamu yake. Wewe unayeanza Kisongo (uwanja mdogo wa ndege wa Arusha) au KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) usitegemee orodha ya namna hiyo. Kazi ya hapa inakwenda na watalii. Masika ya Aprili na Mei hupunguza safari, ndege huingizwa kwenye matengenezo makubwa, kisha Juni kila ndege inatakiwa hewani. Mikataba mifupi hukatika na kurudi kwa kufuata mzunguko huo. Anayeitwa mapema ni yule ambaye karatasi zake zinamruhusu kushika kazi siku hiyohiyo anayoripoti.

Kwa hiyo anza na logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi zako, na uanze leo. Barua ya kupunguzwa ikishatoka, pasi ya kuingilia uwanjani inarudishwa na huzioni tena kadi za kazi. Kila mstari uwe na tarehe, namba ya usajili wa ndege (za Tanzania huanza na 5H), aina ya ndege na injini, sura ya ATA (namba ya mfumo wa ndege uliofanyia kazi, mfano 32 ni magurudumu na breki), kazi yenyewe, namba ya kadi ya kazi, saa ulizotumia, pamoja na sahihi na namba ya leseni ya injinia aliyekusimamia. Kuandika "ukaguzi wa saa 100" mara thelathini hakumwambii mkaguzi chochote. Andika: "Sura ya 32, nimebadilisha bitana za breki gurudumu la kulia, nimetoa hewa kwenye mfumo, nimekagua uvujaji." Omba sahihi kila Ijumaa. Kosa tunaloliona mara nyingi ni miezi minane kusainiwa siku moja kwa kalamu moja, au injinia kuhamia nchi nyingine kabla hajasaini. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni inadai uzoefu wa miaka 4, au 2 kwa aliyemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa. Mwezi usio na sahihi hauingii kwenye hesabu hiyo.

Ukishapata leseni, tofautisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Leseni ni yako. Idhini ya kusaini kuirudisha ndege kazini ni ya kampuni, na inakufa siku ajira yako inapokwisha. Mhuri urudishe kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukiitwa tena, hata kama ndege imekwama na abiria wanasubiri, usisaini kitu mpaka idhini mpya iandikwe kwa jina lako. Pia, ili uendelee kuitumia leseni, kuna kipimo cha miezi 6 ya kazi halisi ndani ya miezi 24 iliyopita. Ukikaa nje muda mrefu, tafuta kazi halali kwenye karakana nyingine iliyoidhinishwa, hata ya ndege ndogo za pistoni, na uiandike. Kazi za kificho nje ya karakana zilizoidhinishwa haziandikiki popote, na zinaweza kukugharimu leseni.

Kuhama kwa hanga nako kuna mitego yake. Idhini ya karakana hutaja mahali, kwa hiyo ulizia kama banda jipya limeshakubaliwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla hujafungua boliti ya kwanza. Siku ya kubeba vitu, hatari kubwa iko stoo. Kipuri kikitengana na tagi yake na cheti chake, kama Fomu 8130-3 ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) au Fomu 1 ya EASA (ya Ulaya), kinaingia karantini hata kama kinang'aa. Usikubali kuambiwa "hiki nakijua". Kagua tarehe za mwisho za oringi (pete za mpira) na silanti (dawa ya kuziba maungio), na hakikisha silanti hazikupikwa na jua nyuma ya pikapu. Spana ya toki, ile ya kukaza boliti kwa nguvu iliyopimwa, ikianguka njiani ipelekwe ikapimwe usahihi kabla ya kutumika. Masanduku ya zana yahesabiwe na watu wawili, wakati wa kutoka na wakati wa kufika. Ndege iliyoachwa nusu, kila mfuko wa skrubu uwe na jina la paneli na namba ya kadi.

Halafu kuna urefu wa mahali. Kisongo iko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, KIA karibu 890. Ukiwa KIA ukapima nguvu ya PT6, injini ya turbaini ya ndege ya Cessna Caravan, na kulinganisha namba ghafi na za Kisongo za mwezi uliopita, kwa toki (nguvu ya kuzungusha propela) ileile joto la turbaini litaonekana limeshuka. Kijana atasema kuosha kompresa kumeitibu injini, kumbe ni hewa nzito tu. Rudi kwenye chati, weka mwinuko wa shinikizo na joto la nje la saa hiyo, ndipo ulinganishe. Na tambarare ya Sanya, ilipo KIA, ina upepo: usipandishe ndege jeki nje, wala usiipime uzito milango ya hanga ikiwa wazi.

Kwa upande wa haki, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema ya nia ya kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane nanyi kuhusu namna ya kuchagua wanaoondoka. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Miaka 5 na miezi 8 ni siku 35. Mkataba wa muda maalumu ukiisha kwa tarehe yake ni jambo lingine, kwa hiyo soma ulichosaini. Na hapa wengi huumia: ukipewa nafasi KIA badala ya Kisongo ukaikataa bila sababu ya msingi, unaweza kukosa hicho kiinua mgongo. Kabla ya kukataa, andika hesabu ya nauli ya daladala hadi njia panda ya KIA, bodaboda ya kuingia ndani, na saa za zamu ya usiku, kisha uiwasilishe kwa barua. Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kwenye makubaliano ya kuondoka, omba waandike kwamba nafasi za fani yako zikifunguka mtaarifiwe kwanza, kwa muda unaotajwa. Waachie namba mbili za simu, na ya pili iwe ya mtu anayepokea.