Maswali na majibu: hesabu za kale za India zenye majibu mengi

Swali: Katika hesabu ya ndege 100 nimepata tausi 15, mwenzangu amepata 12. Nani amekosea?

Jibu: Hakuna aliyekosea. Hesabu hiyo imo katika Bijaganita, kitabu cha aljebra cha Bhaskara wa Pili, mwanahisabati wa karne ya 12: njiwa 5 huuzwa kwa sarafu 3, korongo 7 kwa sarafu 5, bata bukini 9 kwa sarafu 7, na tausi 3 kwa sarafu 9, nunua ndege 100 wa aina zote nne kwa sarafu 100. Mafungu ya kila aina tuyaite n, k, b na t. Idadi ya ndege inatoa 5n + 7k + 9b + 3t = 100, na fedha inatoa 3n + 5k + 7b + 9t = 100. Ukitoa mlinganyo wa pili katika wa kwanza unabaki na n + k + b = 3t, na ukiuingiza huu katika ule wa kwanza unapata 3n + 4k + 5b = 50. Basi 50 ni zaidi ya 9t na ni pungufu ya 15t, kwa hiyo t ni 4 au 5 tu, yaani tausi 12 au 15. Kwa t = 4 kuna majibu manne, kwa t = 5 mawili; jumla sita. Anayeandika moja na kufunga daftari hajamaliza kazi, na mwalimu anayemkosoa mwanafunzi kwa sababu tu jibu lake halifanani na la kitabu anamdhulumu.

Swali: 6x + 15y = 20 ina majibu gani ya namba nzima?

Jibu: Haina. KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 6 na 15 ni 3, na 3 haigawi 20. Naomba swali la namna hii lisiletwe tena kabla mwulizaji hajatafuta KKS.

Swali: Kuttaka ni nini?

Jibu: Ni neno la Kisanskriti lenye maana ya kutwanga: namba kubwa hugawanywa na kupunguzwa hatua kwa hatua hadi zibaki ndogo. Mwanahisabati wa India Aryabhata aliieleza njia hiyo mwaka 499, na wanafalaki waliitumia katika hesabu za mizunguko ya sayari. Bhaskara wa Kwanza, mwanahisabati wa karne ya 7, alitaka namba inayobakiza 5 ikigawanywa kwa 8, 4 kwa 9, na 1 kwa 7. Masharti mawili ya kwanza yanatoa 13, kisha kila baada ya 72. 13 hubakiza 6 kwa 7, lakini 85 hubakiza 1. Jibu dogo kabisa ni 85, na linalofuata ni 589.

Swali: Nimejaribu x² = 61y² + 1 kwa y kutoka 1 hadi 1,000 bila mafanikio. Je, haina jibu?

Jibu: Inalo, ila kubahatisha hakutakufikisha. Kwa njia ya mzunguko, chakravala, Bhaskara wa Pili alipata y = 226,153,980 na x = 1,766,319,049, na hakuna y ndogo zaidi, ukiacha sifuri.