Tarumbeta lilibaki kwangu

Mhariri habari za kazi. Wiki hii mmeuliza mwanamuziki anazaliwa na kipaji au anafundishwa, na mimi napiga tarumbeta Moshi na Arusha zaidi ya miaka 20 sasa, hakuna harusi nashuka kwenye pikapu na jasho langu asitokee mtu wa kuniambia "kaka wewe una kipaji". Inaniuma kila siku. Nataka niseme wazi, hakuna kipaji, kuna mtu aliyekupa tarumbeta.

Chukua Hugh Masekela, yule mpiga tarumbeta maarufu. Alipewa tarumbeta ana miaka 14 na padri wa shuleni kwao Afrika Kusini, Trevor Huddleston, ambaye mwaka 1960 alikuja kuwa askofu wa Masasi hapa hapa kwetu, halafu Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi, naye akaipelekea ile bendi ya shule tarumbeta toka Marekani. Watoe hao wawili uone kama unampata Masekela. Na sisi Walutheri wa mlimani ni hivyo hivyo, wamisionari wa Leipzig waliingia Kilimanjaro 1893, matarumbeta tumeyarithi kwa Wajerumani, ndo maana mtoto wa Old Moshi anajua sauti nne kabla hajashika gitaa.

Ila ngoja niwaambie ya mwezi wa 7 mwaka 2003. Usharikani matarumbeta yaliyokuwa yanalia yalikuwa manane tu, mimi na kaka yangu mtoto wa baba mkubwa tukapewa moja wawili, wiki hii linalala kwao wiki ijayo kwetu, mama analifunga kwenye kanga lisiingie vumbi. Pale pa kutolea mate palikuwa hapazibi, tukaziba na bigijii, na pistoni ya tatu ukiibonyeza inashuka haipandi mpaka uivute na kucha. Akafariki mzee aliyekuwa anatupigia besi. Mazishi kule kwake kihambani, na baridi ya Julai ya huko juu mnaijua, ukungu umekaa kwenye migomba mpaka saa nne. Mwalimu akatupeleka nyuma ya jiko akasema pulizeni hewa tu msitoe sauti, maana tarumbeta likipoa sauti inashuka, mkianza hivyo mtamwaibisha marehemu. Tukasimama pale tunapuliza kimya kimya, chuma kinauma midomo, mvuke unatoka mbele.

Sauti ya kwanza nilikuwa nayo mimi, miezi mitatu naifanyia mazoezi nota kwa nota. Wiki ilikuwa ya kwangu kwa hiyo kaka hakuwa na chombo, alisimama ubavuni ananishikia karatasi. Ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili jeneza likaanza kushuka, midomo ikafa, wapigaji wenzangu mnaelewa, unapuliza inatoka hewa tupu. Kaka akalichukua tarumbeta mikononi mwangu bila kuniuliza, akafuta mdomo wa tarumbeta kwenye sweta, ubeti wa tatu akaingia nao. Ile sauti hakuwahi kufundishwa, yeye alikuwa wa sauti ya pili. Na hakuipiga kama ilivyoandikwa, mwisho wa mstari aliishikilia nota akaiacha ishuke polepole vile vile wamama wa kule wanavyovuta sauti wakilia msiba, na wamama waliokuwa wanalia wakanyamaza, halafu wakaanza kuimba naye. Nilikuwa na miaka 13, mikono mitupu, na mpaka leo nikikaa kutunga natafuta ile nota.

Mwaka uliofuata baba mkubwa akafariki, kaka akaacha shule akaenda Mererani kwenye tanzanite. Wiki ya kwao ikawa haipo tena. Mengine ni mafupi, harusi na send-off, pikapu toka kanisani kuzunguka kipilefti ya YMCA mpaka ukumbini, mahoteli ya Arusha msimu wa wageni, kuwarekodia vijana studio kabla hawajahamia kwenye tarumbeta la kinanda, na nyimbo zangu kumi na kitu nilizotunga mwenyewe.

Sasa nimeandika mpaka hapa naona nilichoanza nacho hakisimami. Mwalimu mmoja, tarumbeta moja, kaburi moja, kama kipaji hakipo basi pale kilitokea nini? Kwa hiyo mhariri niandikieni kwenye wanaosema mtu anazaliwa nacho. Kaka alizaliwa nacho, mimi nilifundishwa, na aliyeishi kwa tarumbeta ni mimi kwa sababu lilibaki kwangu. Sisemi angekuwa Masekela, pengine angeliacha hata lingekuwa la kwake peke yake, Mererani ilichukua vijana wengi kipindi kile. Na mazoezi siyadharau, tangu siku ile midomo haijanifia tena kaburini.

Krismasi iliyopita alikuja nyumbani nikamwekea tarumbeta mezani, langu, jipya. Hakulipuliza. Akabonyeza pistoni ya tatu mara mbili tatu, akaona inapanda yenyewe, akalirudisha mezani.