Kabla hujanunua saundi kadi ya studio yako ya kwanza Arusha

Wadogo zangu mnaoanza kurekodi, swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: ninunue saundi kadi gani? Mtu ana laptopu, ana midundo mikali, amejichanga, na anaamini kazi zake zinasubiri tu kadi ya bei mbaya. Mimi nasema kadi yoyote inayoeleweka, yenye tundu la XLR (lile la pini tatu la waya wa maiki), volti 48 za kuwashia maiki ya kondensa, na uwezo wa kurekodi kwa biti 24, inatosha kuanzia vesi ya kwanza hadi albamu. Scarlett Solo ya Focusrite au UMC202HD ya Behringer itakutosha kabisa. Zile ndogo zenye vitufe vya makofi na vicheko waachie wanaokwenda laivu kwa simu.

Kadi inakuza sauti dhaifu ya maiki, inaigeuza kuwa namba, kisha inakurudishia kwenye hedifoni. Haisafishi kitu. Mwangwi wa chumba na ngurumo ya friji ya jirani vikishaingia, vimeingia.

Kwa hiyo anza na chumba. Vyumba vingi tunavyopanga Sakina, Ngarenaro au Kijenge vina kuta za plasta, vigae chini na dirisha la kioo. Simama katikati upige kofi moja: ukisikia mlio mkali unaorukaruka ukutani, huo utausikia kwenye kila neno la msanii. Trei za mayai hazisaidii, naomba tuelewane hapo. Haziwezi kuzuia kelele za nje, mwangwi zinaupunguza kidogo mno, na ni rahisi kushika moto. Nenda soko la Kilombero ukachague mablanketi mazito ya mtumba, uyatundike nyuma ya mgongo wa msanii. Wengi wanayaweka nyuma ya maiki, wakati maiki za vokali karibu zote zinasikia zaidi upande wa mbele, na mbele yake kuna msanii pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Mvua za masika zikipiga bati, hakuna kifaa kitakachokuokoa. Panga kurekodi vokali wakati mwingine.

Kama chumba chako kiko karibu na barabara ya bodaboda, ningeanza na maiki ya dainamiki. Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966 na haihitaji zile volti 48. Kondensa inanasa vitu vidogo vizuri zaidi, vikiwemo usivyovitaka. Mji huu umeyatoa makundi ya rap ya X Plastaz na Weusi, na rap ya hapa watu wanaisikiliza kwa maneno, kwa hiyo herufi zisikike. Msanii akae umbali wa kama shibiri moja, na maiki igeuke kidogo pembeni ya mdomo, ili pumzi ya "p" na "b" ipite bila kugonga maiki moja kwa moja.

Sasa geni, yaani kiwango ambacho kadi inakuza sauti ya maiki, na hapa naomba utulie, maana ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Ukimwambia msanii ajaribu maiki, atasema "cheki, cheki" kwa upole. Ukipanga geni kwa hiyo sauti, mdundo ukianza atafoka, taa itawaka nyekundu, na vesi yake bora itakuwa imepasuka. Sauti iliyopasuka wakati wa kuingia huwezi kuirudisha vizuri kwenye miksi. Mwambie akupe mistari anayoipiga kwa nguvu kuliko yote, mdundo ukiwa hedifoni kwake, kisha shusha geni mpaka vilele vifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, maana sifuri ndio mwisho kabla sauti haijapasuka. Usiogope kwamba mawimbi yanaonekana madogo kwenye skrini. Biti 24 zina nafasi ya kinadharia ya desibeli 144 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, dhidi ya 96 za biti 16, kwa hiyo utaipandisha baadaye bila kuleta uchafu wa kusumbua.

Msanii akilalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa, usikimbilie kununua kadi nyingine. Angalia bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta inalikusanya kwanza kabla ya kulifanyia kazi. Kwenye 48 kHz, bafa ya sampuli 1024 inachelewesha sauti kwa milisekunde 21 hivi, na huo ni upande mmoja tu. Bafa ya 128 ni chini ya 3. Weka ndogo unaporekodi, kubwa unapomiksi. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (programu inayounganisha kadi na kompyuta bila kuchelewesha sana) ya kampuni iliyotengeneza kadi yako. Laptopu ikizidiwa, washa kitufe cha kusikiliza moja kwa moja kutoka kwenye kadi, ili sauti ya msanii isipitie kompyuta kabla ya kumfikia.

Kuhusu umeme, chagua kadi inayojiendesha kwa waya wa USB pekee. Umeme ukikatika katikati ya kiitikio, laptopu yenye betri nzima inaendelea na msanii hapotezi moto wake. Ukisikia mngurumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu usikilize tena. Mngurumo ukipotea, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye pini ya ardhi, na hakikisha soketi ya ukutani nayo ina waya wa ardhi, maana nyumba nyingi hazina. Kwenye spika tumia kebo za balansi, zile zenye nyaya mbili za sauti zinazosaidia kufuta kelele zinazoingia njiani.

Ukinunua kadi iliyotumika, nenda na laptopu, hedifoni, kebo na maiki ya kondensa. Kabla ya hapo, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kama draiva ya toleo hilo inakubali Windows yako. Ukifika, washa volti 48 spika zikiwa zimezimwa, rekodi kwa kila tundu, zungusha kila kitufe taratibu ukisikiliza mikwaruzo, kisha tikisa waya wa USB pale unapoingia. Kadi ikijizima na kuwaka unapotikisa, badilisha waya ujaribu tena. Tatizo likibaki, mrudishie mwenyewe na uondoke na pesa yako.